Solo unayoweza kuiimba

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama bendi ya indi, yaani inayojitegemea nje ya kampuni kubwa za rekodi, yenye wapigaji mafundi mno huishia kuziua nyimbo zake. Mimi naona inategemea fundi anafanya nini wakati zamu si yake. Shahidi wangu ni Television, bendi ya New York iliyopiga katika klabu ya CBGB kabla hata neno indi halijazoeleka.

Mpiga besi wao wa kwanza, Richard Hell, alikuwa mtunzi mwenye mvuto jukwaani lakini mkono mzito kwenye nyuzi. Akaondoka 1975, nafasi yake akaichukua Fred Smith kutoka bendi ya Blondie. Ukiishia hapo utadhani ufundi ndio ulioshinda. Isikilize basi albamu yao ya kwanza, Marquee Moon, ya 1977.

Wimbo uliobeba jina la albamu hiyo una karibu dakika 10, na bado mimi huuimba nikiosha vyombo. Gitaa moja linaanza kukatakata nota zilezile, la pili linajibu kwa kimlio kinachotetema, besi inadondosha nota chache, ndipo Billy Ficca anaingia na dramu zake nawe unashtuka kuwa pigo la kwanza ulikuwa unalihesabu pasipo mahali pake. Asiyejua kuhesabu wala haimsumbui, yeye anatikisa kichwa tu. Baadaye solo ndefu ya Tom Verlaine, mwimbaji na mpiga gitaa wao, inapanda ngazi kwa ngazi, bila haraka, mpaka inafika kileleni na kila kitu kinatawanyika. Kisha lile gitaa la mwanzo linarudi na ubeti wa kwanza unaimbwa upya. Iondoe solo ile uone: ubeti hauna safari ambayo unarudi kutoka kwayo.

Mpiga gitaa mwenzake, Richard Lloyd, alikuwa wa namna nyingine. Katika "Elevation" alirekodi gitaa lake, halafu akapiga vilevile kwa mara ya pili juu yake ili sauti inenepe. Huwezi kufanya hivyo kama ulikuwa unabahatisha.

Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi hatushangai sana. Kwa bendi ya Mlimani Park ya Dar es Salaam magitaa yalisukana vivyo hivyo, na sikumbuki mtu akiuliza kama ufundi unaharibu wimbo. Chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, lilisubiri mwimbaji amalize kisa chake kwanza.

Ila swali lenu si la kipuuzi, nakiri. Niliwahi kupiga besi katika kibendi cha mtaani. Mpiga solo wetu alikuwa na vidole vya ajabu, na alijaza kila tundu, hata pale mwimbaji alipovuta pumzi. Sisi tukijiona tumefika! Jioni moja umeme ukakatika katikati ya mazoezi, tukaendelea na galatoni moja, gitaa kavu lisilohitaji umeme, iliyokuwa kona ya chumba. Ndipo tukagundua kwamba wimbo wetu mkubwa, ule wa kufungia onyesho, ulikuwa na ubeti mmoja na kiitikio cha maneno manne. Mpiga solo ndiye aliyecheka kuliko wote. Wiki iliyofuata ndiye pia aliyeleta ubeti wa pili. Ulikuwa mbaya, lakini tuliupiga.

Msomaji wenu,
Tanga