Maswali ya wasomaji: Pancha njiani, gari la spoti, spea hakuna

SWALI: Kaka habari za kazi, mimi msomaji wenu niko Mbezi, Dar. Nina BMW Z4 ya 2004 niliagiza Japani, sijakaa nayo sana. Juzi natoka Dar naenda Morogoro, nimeshapita Mlandizi naitafuta Chalinze, nikasikia gari linayumba kwa nyuma halafu kuna sauti ya kugonga gonga, kushuka naona tairi la nyuma kushoto limekaa chini kabisa. Nafungua buti nanyanyua zulia, badala ya spea nakutana na betri! Wakaja vijana wa bodaboda, mmoja akasema bosi tembea nalo hivyo hivyo polepole fundi pancha yuko mbele hapo, mwingine akasema usithubutu. Nikaishia kuita brekidauni na hela iliyonitoka sio ndogo. Naomba kujua yupi alikuwa sahihi, na je spea yangu ilichomolewa Japani au gari ndo lilivyo? Na siku nyingine nifanyeje maana safari bado zipo.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hongera kwa kutotembea nalo. Spea yako haijaibiwa na mtu. Z4 za umbo hilo la kwanza, zile za 2002 mpaka 2008 wanazoziita E85, zilitoka kiwandani bila spea kwa sababu zilifungwa matairi ya ranflati, yaani tairi lenye ubavu mgumu ulioongezewa mpira ili hata upepo ukiisha wote ubavu wenyewe ubebe gari. Kwa hiyo kule nyuma wakaona nafasi wanayo, wakaweka betri.

Sasa kuhusu wale vijana, yupi yuko sahihi inategemea una tairi gani mguuni, na hili ndo jambo ambalo natamani kila mwenye gari la namna hii alijue kabla hajawasha gari kwenda popote. Ranflati ikiisha upepo kwa kawaida inakuruhusu kwenda kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa, na kutoka Mlandizi mpaka Chalinze hapafiki huko, kwa hiyo ungefika bila kumpigia mtu simu. Tairi la kawaida halina uwezo huo. Lakini nasoma unavyosema lilikaa chini kabisa na lilikuwa linagonga, mimi naona hayo yako ni matairi ya kawaida, maana ranflati isiyo na upepo ukiitazama kwa macho unaweza usijue kama imeisha. Inatokea sana kwa magari yaliyotumika, mwenye gari wa kwanza ranflati zikiisha anaona bei, anaona na zinavyodunda, anafunga za kawaida, halafu gari linauzwa na anayenunua haambiwi chochote.

Kuhakikisha ni rahisi, chuchumaa leo usome ubavu wa tairi, yote manne. Kila kampuni ina alama yake: Bridgestone wanaandika RFT, Goodyear ROF, Continental SSR, Michelin ZP, Dunlop DSST, na yale yaliyopitishwa na BMW wenyewe utakuta alama ya RSC ndani ya kiduara. Ukikosa alama ya namna hiyo jihesabu huna ranflati. Na ukikuta mawili yanayo na mawili hayana basi hapo una gari la hatari kidogo kwenye kona, yafanye yawe aina moja.

Kwa nini nasema usitembee na tairi la kawaida lisilo na upepo hata mita mia tano? Kama umefunga tairi la saizi ya 225/45R17, ambayo Z4 nyingi zinavaa, ubavu wake una sentimita 10 tu. Upepo ukiisha ringi inakaa juu ya huo ubavu, inaukunja na kuusaga kwa ndani kila mzunguko, unaweza kufika kwa fundi nje tairi linaonekana zima lakini ukilifungua ndani kumejaa unga mweusi wa mpira. Hilo halizibwi tena, na fundi akikuzibia basi ubavu unaweza kupasuka siku nyingine ukiwa kwenye mwendo mkali. Msumari ambao ungezibwa kwa hela ya chai unageuka kuwa tairi jipya na pengine ringi pia.

Ikitokea tena, kwanza toka barabarani, na kutoka nje ya lami taratibu kwa mita chache hizo sikukatazi, maisha yako ni bora kuliko tairi. Barabara ya Morogoro malori hayalali, usikae upande wa lami ukiwa umeinama, na abiria wako asibaki ndani ya gari. Washa hazadi, weka pembetatu nyuma mbali na gari, ongeza na matawi kama madereva wa malori wanavyofanya, ila naomba sana ukiondoka yatoe, watu wanakufa kwa matawi na mawe yaliyoachwa barabarani usiku.

Halafu litazame tairi. Ukikuta msumari au skrubu iko kwenye uso wa tairi, pale panapokanyaga lami, usiichomoe! Hili watu wengi hawalijui. Mara nyingi msumari wenyewe unaziba tundu nusu, upepo unatoka polepole, kwa hiyo ukiwa na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye sehemu ya kuwashia sigara unajaza mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, unasikiliza, ukiona linakaa unaenda taratibu unasimama kila baada ya kilomita chache unapima, unaongeza, mpaka kwa fundi. Injini iwe inawaka wakati kompresa inafanya kazi la sivyo utamaliza na betri. Na hii inafanya kazi kama umeshtuka mapema, sio tairi ambalo umeshalitembelea likiwa tupu.

Likishindwa kukaa, ndo unachomoa na kuziba kwa zile kamba nyeusi za tyublesi (matairi yasiyo na tyubu) ambazo kila fundi pancha anazo na wewe unaweza kununua seti yako, ina kamba, ina kitu cha kukwangua tundu na sindano ya kusukumia. Inahitaji nguvu kidogo, lakini kijana yeyote wa pancha atakufundisha kwa dakika kumi, jifunze nyumbani mchana ukiwa umetulia. Dawa ya chupa mimi naiweka mwisho, sio mbaya, ila inachafua ndani na fundi atakununia, mwambie kabla hajafungua. Chupa nyingi zinaziba tundu lisilozidi milimita 6 na kwenye uso wa tairi tu. Ukishaimwaga na kujaza upepo unatakiwa uondoke hapo hapo ili isambae, uende kilomita chache, usizidi 80 kwa saa, usimame upime, na ukikuta upepo umeshuka chini ya psi 19 hivi basi dawa imeshindwa, usiendelee.

Tundu likiwa ubavuni, au tairi limepasuka, au limechanika kwa shimo la barabarani, hapo hakuna kamba wala dawa, ni brekidauni tu na haujafanya kosa lolote kuiita. Ila uliza kabla hawajaja, iwe ile ya kupakia gari zima juu. Gari lako linasukuma kwa nyuma, na kama ni ya otomatiki kuvutwa huku magurudumu ya nyuma yanaviringika ni kuiua giaboksi. Waambie pia gari liko chini waje na mbao za kupandishia, bampa lile la mbele halisamehe. Ile ndoano ya kuvutia inafungwa kwa kuzungushwa kwenye tundu lililofunikwa na kifuniko kidogo kwenye bampa, itafute leo kwenye vifaa vyako uone kama ipo.

Mwisho utaniuliza nirudi kwenye ranflati? Ukiwa mtu wa mjini, ndio, hasa kwa anayeendesha usiku peke yake, usalama wake mkubwa. Wewe unayesafiri mikoani mimi ningekushauri ubaki na matairi ya kawaida mazuri na ubebe kompresa, kamba, chupa moja, tochi na glovu, kwa sababu ranflati ikichanika Morogoro au Dodoma kupata saizi yake ni shughuli, na kwenye mashimo inapokea kipigo na kukipeleka moja kwa moja kwenye ringi na kwenye mgongo wako. Spea unaweza kuitengeneza pia, BMW 3 Series za E46 na E90 zina mpangilio uleule wa boliti, 5 kwa 120, yaani boliti tano kwenye duara la milimita 120, lakini itakula buti yote. Na kama umefunga ringi za inchi 18 zenye tairi za upana wa 225 mbele na 255 nyuma, spea moja haiwezi kuwa sahihi kwa pande zote mbili.

SWALI: Mimi wa Arusha nina Mazda RX-8, ndani kuna chupa ya dawa ya pancha ina maandishi ya Kijapani sijawahi kuigusa, itafaa?

JIBU: Tafuta tarehe, mwaka utausoma tu hata kama hujui Kijapani. Dawa hizi kwa kawaida zinadumu miaka kama minne, na gari lako limezeeka kuliko hapo, kama ni ile ya kiwandani humo ndani imeshaganda au imejitenga. Itoe, nunua nyingine. Ile kompresa iliyokaa nayo ijaribu, hiyo inaweza kuwa bado nzima na ndo ya thamani zaidi.

SWALI: Shikamoo kaka. Nina Mazda Roadster ya 2016, jamaa ananiambia nichukue spea nyembamba ya Vitz inaingia. Ni kweli au ananidanganya?

JIBU: Marahaba. Hajakudanganya ila hajamaliza. Roadster hiyo, umbo wanaloliita ND, ina boliti 4 kwa 100 na tundu la katikati ya ringi milimita 54.1, na Vitz ni hivyo hivyo, kwa hiyo itakaa. Shida ni mbili. Spea ya inchi 14 inaweza kugusa kalipa ya breki, tafuta ya 15 na uijaribu nyumbani, izungushe kwa mkono usikie kama inakwaruza. Pili ni ndogo kuliko tairi lako la 195/50R16, na gari linasukuma kwa nyuma, ukiifunga nyuma difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, itakuwa inafanya kazi muda wote kwa sababu magurudumu hayalingani, na kama yako ina ile difu ya LSD, inayozuia gurudumu moja lisizunguke peke yake, utaichemsha. Kwa hiyo pancha ikiwa nyuma, hamisha tairi zima la mbele upeleke nyuma, spea ikae mbele. Ni kazi ya kupiga jeki mara mbili, najua, lakini difu ya gari hilo kuipata hapa sio kama kupata ya Vitz. Nenda nayo usizidi 80, mpaka kwa fundi pancha wa kwanza.