Wasomaji Wanauliza: Raha Ndogondogo za Msimu

Safu hii haijibu maswali ya mirathi wala ya ndoa. Hapa tunashughulikia mambo mazito: embe, kashata, mahindi na chai. Barua tumezifupisha, malalamiko tumeyaacha yalivyo.

*Mhariri, tuna mwembe wa dodo uani. Watoto wanaangua, mimi navundika ndani ya gunia la mchele, lakini nusu ya maembe yanasinyaa na kubaki makali kama siki. Mchele una kosa gani? – Mama Uani, Tanga*

Mchele hauna kosa, mama. Wenye kesi ya kujibu ni hao wanaoangua. Embe changa hata ulivundike mwezi mzima litalainika kidogo na kukunjamana, utamu halipati. Watoto wafundishwe kutazama mabega, yaani pande mbili zinazokizunguka kikonyo. Embe likikomaa, mabega hujaa na kupanda hadi kikonyo kionekane kimezama kishimoni. Mkiwa na shaka, toeni kafara moja mlikate: nyama iliyo karibu na kokwa ikiwa bado nyeupe pe, vuteni subira, ikiwa imeanza umanjano, kazi ianze.

Muanguapo, embe libaki na kikonyo cha sentimita 2 hivi. Kikinyofoka chote, utomvu huchuruzika juu ya ganda na kuacha michirizi myeusi. Utomvu huohuo ndio unaobabua midomo ya wenye pupa. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na hasira zao ni za ukoo mmoja. Mkishayafikisha chini, kateni vikonyo, yainamisheni maembe kwa nusu saa utomvu utoke, osheni, kausheni.

Gunia la mchele linafaa kwa sababu linaifungia ndani gesi ya ethilini ambayo tunda lenyewe hutoa na ndiyo inayoliivisha. Ubaya wake ni kwamba humo ndani huoni kitu, na embe moja likioza unakula pilau yenye harufu ya embe. Sanduku la karatasi ngumu ni bora. Pangeni maembe safu moja, weka ndizi mbivu 1 au 2 katikati, funika, kagua kila asubuhi. Kwa kawaida siku 3 hadi 5 zinatosha. Friji isubiri hadi yawe yameiva: embe bichi likikaa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 10, ganda huota mabaka ya kijivu na kuiva kunagoma.

*Kashata zangu za karanga ama zinavunja meno ama zinanata kwenye karatasi. Wanywaji kahawa wa barazani wameanza kunikwepa. – Muuza Kashata Mpya, Mombasa*

Ndugu, hizo ni kesi mbili, tusizichanganye.

Ya meno kwanza. Kwa vikombe 2 vya karanga weka kikombe 1 cha sukari, isizidi. Karanga zikaangwe, zimenywe, zibaki na joto; zikiwa baridi, sukari hugandia papo hapo na kuwa mabonge. Yeyusha sukari kavu, bila maji, moto mdogo, kikaango kizito. Itikise sufuria badala ya kukoroga mfululizo. Ikiyeyuka yote na kufika rangi ya asali, ondoa. Ukisubiri iwe kahawia nyeusi utapata uchungu, na uchungu ni kazi ya kahawa. Mimina karanga, iliki na chumvi kidogo sana, geuza haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, kisha sukuma kwa kifimbo cha chapati kilichopakwa mafuta pia. Unene uwe nusu sentimita. Vipande vya unene wa kidole ndivyo vinavyowatajirisha madaktari wa meno.

Kata mara moja, ikiwa bado moto; ikipoa inapasuka ovyo. Ikikuwahi, rudisha sinia juu ya moto mdogo kwa dakika moja. Na usionje kwa kidole: sukari hiyo imepita nyuzi 150.

Kunata ni kesi ya hewa. Sukari iliyoyeyushwa hufyonza unyevu, na masika ya Mombasa unyevu ni wa bure. Zikipoa tu, zitie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, na utoe za kuuza chache chache. Kashata zilizokaa wazi kwenye sinia tangu alasiri haziwezi kufika magharibi na heshima zao.

*Nitajuaje hindi zuri la kuchoma kabla ya kulipa? – Mla kwa Macho, Nakuru*

Omba ruhusa, kisha bonyeza punje moja kwa ukucha. Likitoka tui jeupe, lipa. Yakitoka maji matupu, ni changa. Lisipotoa kitu, lipeleke kwenye makande. Makaa yawe na jivu jeupe juu, bila mwale: moto wa mwale huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Chumvi, pilipili na ndimu huja mwisho, na ndimu ndiyo inayochovywa kwenye chumvi kisha ikasugua hindi.

*Kipupwe cha huku kinataka chai ya maziwa na tangawizi, lakini maziwa yangu hukatika. Maziwa mabovu? – Mwenye Baridi, Lushoto*

La. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa yanapopata moto. Kiue kwanza: ponda tangawizi ya sentimita 3, ichemshe kwenye vikombe 2 vya maji kwa dakika 5, tia majani, ndipo ulete vikombe 2 vya maziwa.

*Napenda usingizi wa mvua juu ya bati, ila tone moja linalovuja linaniharibia. Nifanyeje usiku wa manane? – Mpenda Kulala, Kibaha*

Paani usipande usiku. Bati lililolowa linateleza. Tundika kamba kutoka panapovuja hadi ndani ya ndoo, maji yaifuate kimya kimya. Kukikucha na kukauka, kagua mipira ya misumari, kwani ikikakamaa kwa jua hupasuka na kuacha tundu.