Wasomaji Wanauliza: Simu Ijayo Itakuja na Betri Gani?

Barua nyingi za mwezi huu zimeegemea upande mmoja: simu za Galaxy Ultra za Samsung zijazo, na hasa kilichomo ndani yake. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imebeba swali ambalo wengine wameliuliza kwa njia ya kuzunguka.

Swali: Ndugu Mjibu Maswali, natumia simu niliyoinunua mpya mwaka 2020. Siku hizi nikitoka nyumbani alfajiri ikiwa imejaa chaji, adhana ya adhuhuri hunikuta nimebakiwa na asilimia ishirini. Nimeweka akiba ya kununua Galaxy Ultra ijayo, kwa kuwa mpwa wangu ananiambia kwamba safari hii watatia betri ya silikoni ya zaidi ya mAh 6000. Je, nivumilie hadi itoke? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Tuanze na historia ya simu hizo, kwa sababu haina haja ya kukufurahisha. Galaxy S20 Ultra ilitoka mwaka 2020 ikiwa na betri ya mAh 5000 (mAh ni miliampia-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kuhifadhi). Zikafuata S21 Ultra, S22 Ultra, S23 Ultra na S24 Ultra, na mwaka 2025 ikaja S25 Ultra. Zote sita zina mAh 5000 zilezile. Kilichobadilika ni kasi ya kuchaji, na hata hiyo haikupanda moja kwa moja: S20 Ultra ilipokea hadi wati 45, S21 Ultra ikashushwa hadi wati 25, kisha S22 Ultra ikarejeshwa kwenye 45 na ndugu zake wakabaki hapo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba "lazima safari hii waongeze", mimi hukumbuka mwaka 2021, simu mpya ilipotoka ikiwa na kidogo kuliko ile ya mwaka uliotangulia.

Hata hivyo mpwa wako hakuota. Betri anayoisema ipo, na jina lake kamili ni betri ya silikoni na kaboni, ingawa kimsingi bado ni lithiamu. Katika betri tulizozizoea, upande hasi hutengenezwa kwa grafaiti, aina ya kaboni, ambayo kinadharia gramu yake moja huhifadhi takriban mAh 372, ilhali gramu moja ya silikoni inaweza kuhifadhi karibu mara kumi ya kiasi hicho. Ubaya wake ni kwamba silikoni ikishiba lithiamu hufura, hata ujazo wake ukafikia mara tatu au nne ya ule wa awali, na simu inapotumika hunywea tena. Kufura na kunywea huko kila siku huivunjavunja ndani kwa ndani. Ndiyo sababu watengenezaji huichanganya kwa kiasi na kaboni, ili kaboni ipokee msukosuko huo. Honor ya China iliitumia mwaka 2023 katika Magic5 Pro iliyouzwa nchini humo, ikiwa na mAh 5450, na mwishoni mwa mwaka 2024 OnePlus 13 ikatoka na mAh 6000.

Kwa nini basi Samsung imekaa palepale? Sababu moja ni ya mizigo, na watu wengi hawaifikirii. Kanuni za kusafirisha betri za lithiamu, za Marekani na zile za usafiri wa anga wa kimataifa, huweka mpaka wa wati-saa 20 (kipimo cha nishati) kwa kila seli, yaani kila kipande kimoja cha kuhifadhi umeme ndani ya betri. Seli iliyo chini ya mpaka huo husafirishwa kwa masharti mepesi. Ikiuvuka, huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari kamili, pamoja na makaratasi na gharama zake. Sasa chukua kalamu: mAh 5000 ni ampia-saa 5, zidisha kwa volti 3.85 ambazo ni za kawaida katika betri za simu, utapata wati-saa 19.25. Umeona jinsi hesabu ilivyosimama kizingitini? OnePlus walikipita kizingiti hicho kwa kugawanya betri yao katika seli mbili za mAh 3000 kila moja. Honor, kwa upande wao, waliiuza Magic7 Pro nchini China ikiwa na mAh 5850, lakini ile iliyopelekwa Ulaya ilikuwa na mAh 5270. Kwa hiyo ukisoma habari ya betri kubwa, jiulize kwanza kama ni toleo la China au ni lile litakalofika Dar es Salaam.

Sababu ya pili ni kovu. Mwezi Agosti mwaka 2016 Samsung ilizindua Galaxy Note7, yenye betri ya mAh 3500. Baadhi zikawaka moto. Septemba zikarudishwa kiwandani, zilizobadilishwa nazo zikawaka, na Oktoba utengenezaji ukasitishwa kabisa. Kampuni ilieleza Januari 2017 kwamba betri za wasambazaji wake wawili zilikuwa na kasoro tofauti, na ikatangaza ukaguzi wa hatua nane kwa kila aina ya betri. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sioni ajabu kampuni hiyo ikiwaacha wengine watangulie kwenye betri inayofura.

Kuna pia sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, inayotaka betri ya simu ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Anayeongeza silikoni ili apate ukubwa ni lazima apige hesabu ya sharti hilo pia, kwani uchovu wa silikoni huonekana baadaye, wakati matangazo yameshasahaulika.

Nikilazimishwa kubashiri, basi ninategemea zaidi kasi ya kuchaji iongezeke kabla ya ukubwa wa betri, na ukubwa nao ukija, uje kidogokidogo. Naweza kukosea. Lakini shida yako, ndugu yangu, haihitaji ubashiri. Betri iliyofanya kazi tangu mwaka 2020 imechoka kwa umri tu. Mpelekee fundi unayemwamini, umwombe betri halisi ya simu hiyo, na umsimamie aibandue ile ya zamani taratibu bila kuichokonoa kwa bisibisi. Mimi mwenyewe niliwahi kungoja toleo jipya kwa miezi minane huku betri ya simu yangu, ambayo sitaitaja, ikivimba hadi kifuniko cha nyuma kikaachia upenyo wa kupitisha ukucha. Simu niliyoingoja ilipotoka ilikuwa na betri ndogo kuliko nilivyoahidiwa na watu wasionijua.

Swali: Niliona karatasi ya usajili wa simu ya Samsung ikionyesha betri ya mAh 4855, na rafiki zangu wakaanza kulia kwamba betri imepunguzwa. Ilipotoka, ikaandikwa 5000. Je, karatasi ilikuwa ya uongo? Na nitajuaje tetesi ya kuaminika? *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Karatasi ilikuwa sahihi na tangazo nalo lilikuwa sahihi. Betri huwa na namba mbili: uwezo wa chini unaodhaminiwa, ambao huandikwa kwenye nyaraka za usajili, na uwezo wa wastani, ambao hupendwa na wauzaji. Galaxy S23 Ultra, kwa mfano, ina 4855 kwa kipimo cha kwanza na 5000 kwa cha pili. Rafiki zako walilinganisha namba ya mezani kwa mkaguzi na namba ya kwenye bango.

Kuhusu kuaminika, mimi huuliza jambo moja: je, kitu hicho kimeshaagizwa, au bado kinajaribiwa? Nyaraka za Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, au cheti cha China kiitwacho 3C ambacho hufichua wati za chaja, hutoka simu ikiwa imekwisha kuamuliwa. Hapo karibu hakuna kubahatisha. Watengeneza kava nao hupata vipimo mapema, kwa kuwa wanataka mali yao iwe dukani siku simu inapotoka, ndiyo maana tetesi za umbo na za mahali kamera ilipo mara nyingi hutimia, ingawa si zote.

Kilicho kwenye majaribio ni habari nyingine kabisa, hata kikisemwa na mjuzi. Mnamo Oktoba 2022 Ming-Chi Kuo, mchambuzi anayesifika kwa habari za Apple, alieleza kwamba iPhone za daraja la juu za mwaka 2023 zingekuwa na vitufe visivyobonyea, vinavyojibu kidole kwa mtetemo tu. Aprili 2023, yeye huyohuyo akasema mpango umeachwa kwa sababu ya matatizo ya kiufundi yaliyoshindwa kutatuliwa kabla ya uzalishaji. Septemba ikaja iPhone 15 Pro na vitufe vya kubonyeza kama kawaida. Sidhani kwamba Kuo alidanganya mwezi Oktoba; aliona jambo la kweli, likafia njiani. Tofauti yake na wengi ni kwamba alirudi akasema limekufa.

Swali: Mimi hupiga picha za harusi. Je, nikisikia simu ijayo itakuwa na megapikseli nyingi kuliko 200, niuze kamera yangu? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Hapana. Kamera kuu ya S23 Ultra ina megapikseli 200, yaani nukta milioni 200, kwenye kihisio (kipande kinachopokea mwanga) cha inchi 1/1.3, na kila nukta ina upana wa maikromita 0.6 tu. Ukumbi ukiwa na taa hafifu, simu hukusanya nukta kumi na sita kuwa moja, ukapata picha ya megapikseli 12.5. iPhone zilikaa kwenye megapikseli 12 tangu 6s ya mwaka 2015 hadi zile za mwaka 2021, na picha zake zikawa bora mwaka hadi mwaka kwa sababu kihisio kilikua na programu ikaboreka. Ukisikia tetesi ya kamera, tafuta ukubwa wa kihisio na uwazi wa lenzi. Tetesi isiyotaja hayo iache ipite.

Swali: Naishi Maskati na kila mwaka nikienda Unguja huagizwa simu na ndugu. Wananiambia "usilete yenye Exynos". Je, simu ijayo itakuwa na prosesa gani? *Msomaji, Oman*

Jibu: Ndugu zako wana sababu ya kuuliza, kwani Samsung haina mwendo mmoja. Mfululizo mkuu wa S23, yaani S23, S23+ na S23 Ultra, ulitumia prosesa ya Snapdragon ya kampuni ya Qualcomm duniani kote. Uliofuata ukagawanyika: S24 na S24+ zilipata Snapdragon katika masoko kama Marekani, lakini sehemu kubwa ya dunia ikapewa Exynos 2400 inayobuniwa na Samsung yenyewe, huku S24 Ultra ikibaki na Snapdragon kila mahali. Kisha S25, S25+ na S25 Ultra zikarudi kwenye Snapdragon. Mtindo huo unaonyesha kwamba Ultra ndiyo salama zaidi kwa anayeikimbia Exynos, na kwamba kwa simu ndogo jibu halipatikani mpaka siku ya uzinduzi. Dukani usiulize jina la simu peke yake. Pindua boksi usome namba ya modeli. S24 ya kimataifa ni SM-S921B, ya Marekani ni SM-S921U. Herufi hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba prosesa, na pia hubeba masafa ya mtandao ambayo simu inayajua. Binafsi naona chuki dhidi ya Exynos 2400 imezidi kiasi, kwani kwa mtu wa WhatsApp, picha na benki ya simu hakuna atakachokosa, ila mcheza michezo mizito wa kila siku ana haki ya kuchagua.

Swali: Mimi ni mwanafunzi. Nasikia simu zijazo zitakuwa na RAM GB 16, lakini dukani nimeoneshwa ya bei nafuu ambayo tayari ina "GB 16". Kuna haja gani ya kungoja? *Msomaji, Dodoma*

Jibu: Rudi dukani ukasome boksi tena. Nadhani utakuta maandishi madogo ya "8+8". Nane za kwanza ni RAM halisi, yaani kumbukumbu ya muda ambamo simu huweka programu zinazotumika. Nane za pili ni sehemu ya hifadhi ya simu iliyoazimwa ifanye kazi ya RAM, na hifadhi ni ya polepole kuliko RAM kwa mbali sana. Husaidia programu iliyoachwa nyuma isifungwe haraka, lakini haigeuzi nane kuwa kumi na sita, na inapotumika hukula nafasi ya picha na nukuu zako.

Kuhusu kungoja, kuna jambo linalokwenda kinyume na tetesi unazozisikia. Tangu nusu ya pili ya mwaka 2025 bei ya RAM imepanda sana, kwa sababu viwanda vichache vinavyoitengeneza, yaani Samsung, SK Hynix na Micron kwa sehemu kubwa, vimeelekeza uwezo wao kwenye kumbukumbu za kasi zinazohitajiwa na kompyuta za akili bandia. Mtengenezaji wa simu za bei ya chini ana njia mbili: kupandisha bei, au kubakiza RAM ileile na kuinadi kwa namba ya kuazima. Kama hiyo ya "8+8" ina nane halisi na hifadhi ya GB 256, na bei yake unaimudu, inunue sasa. Kisha ingia kwenye mipangilio uizime hiyo RAM ya kuazima kwa wiki moja, uone kama utatambua tofauti yoyote.