Sydney kwa miguu: bustani za ufukweni ndani ya siku moja

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye siku moja tu Sydney, tena hana gari, anaweza kuziona bustani za kando ya maji. Anaweza, na bila kukimbizana. Nilikuwa masomoni kule, na kila mgeni aliyenijia nilimpitisha njia ileile: anza Hyde Park asubuhi, kata uwanja wa Domain ushuke hadi rasi ya Mrs Macquarie's Point, kisha fuata ukuta wa bahari ukiizunguka ghuba ya Farm Cove mpaka Opera House, ukumbi maarufu wa maonyesho. Wengi huja kinyume chake, wakifika pale rasini jua limeshahamia magharibi, na picha zote zinatoka giza. Asubuhi jua liko mgongoni kwako. Opera House na daraja la Harbour Bridge vinang'aa mbele yako.

Hapo rasini kuna kiti kilichochongwa na wafungwa kwenye mwamba mwaka 1810, kwa ajili ya Elizabeth Macquarie, mke wa gavana. Ukishapiga picha yako, soma maandishi yaliyochongwa mwambani. Yanataja 13 Juni 1816, siku barabara yake ilipokamilika, na Royal Botanic Garden, bustani ya mimea inayoizunguka Farm Cove, huhesabu umri wake kuanzia siku hiyohiyo.

Bustani hiyo ina hekta 30 hivi, kuingia bure, na kukanyaga nyasi ruksa. Ulizia mti uitwao Wollemi pine. Jamii yake ilijulikana kwa visukuku tu, hadi 1994 ilipokutwa hai kwenye korongo la milimani, upande wa kaskazini magharibi ya jiji. Sogea ulitazame gome: limejaa vinundu kama uji unaotokota. Chakula usikiache wazi lakini, maana kwarara weupe wa pale hawana haya kabisa.

Bustani ya Wachina iliyoko Darling Harbour ina kiingilio. Nzuri, ila kwa siku moja mimi ningeiruka. Jioni pita mtaa wa The Rocks, chini ya daraja, hadi Barangaroo Reserve. Palikuwa gati la makontena. Tangu 2015 ni bustani ya mimea ya asili na ngazi za mawe zinazoshuka majini, nayo inatazama magharibi, kwa hiyo machweo unayapata yote.

Ukienda Juni, jua huzama kabla ya saa 11 jioni, toka mapema. Novemba mchana ni mrefu, na mijakaranda inakuwa imechanua.