Binti Ameacha Wali na Ugali: Je, Ni Kupunguza Mwili Tu?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Binti yangu ana miaka 15. Alikuwa mnene kidogo, wajomba zake wakimwita "Bonge". Sasa ameacha wali na ugali, anadai ana vidonda vya tumbo. Amekonda sana, na hedhi haijaja miezi mitatu. Dada yangu anasema kujinyima namna hiyo ni ugonjwa wa Wazungu, kwetu haupo. Hali hii husababishwa na nini? – Mama, Morogoro

JIBU: Mama, mpeleke hospitali wiki hii. Wampime uzito, ujauzito, presha akiwa amelala na akisimama, na potasiamu kwenye damu (madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa). Mapigo ya moyo yakiwa chini ya 50 kwa dakika mchana, alazwe. Vidonda navyo vipimwe, ingawa kwa kawaida mwenye vidonda huacha pilipili, haachi ugali.

Dada yako amekosea. Huko Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, mwili mnene ulikuwa sifa, kama kwetu. Televisheni ilifika wilaya ya Nadroga mwaka 1995, na wakati huo wasichana waliohojiwa hawakuwa wakijitapisha ili wakonde. Mwaka 1998, asilimia 11.3 ya wasichana waliohojiwa walikuwa wakifanya hivyo.

Mlango mkubwa wa magonjwa ya ulaji ni kujinyima kula. Wengi hujinyima kidogo wakaacha; anayenasa huwa na mengine nyuma yake. Kwenye anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula hadi kukonda kupita kiasi, urithi una uzito mkubwa, na mara nyingi ni mtoto mwenye wasiwasi tangu utotoni, anayelia akipata 92 badala ya 100. Njaa humtuliza. Bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha) na ulaji wa kupindukia bila kujitapisha mara nyingi hutanguliwa na unene wa utotoni na kutaniwa. Chukua msichana mwenye bulimia: ameshinda na chai ya rangi, usiku mwili unadai chake: anamaliza mkate mzima amesimama jikoni gizani. Aibu inamshika, anajitapisha, potasiamu inashuka, na moyo unaweza kusimama. Mwenye kisukari anayechoma insulini yumo hatarini zaidi, maana wengine hupunguza dozi ili wakonde.

Wajomba waache lile jina leo hii. Kaa naye mezani milo mitatu na vitafunio viwili, bila kutaja uzito. Ila kama hajala kitu cha maana zaidi ya siku tano, usimjazie sahani: fosfeti, madini mengine ya mwili, hushuka kwenye damu ghafla na inaweza kumuua. Aanzishiwe chakula hospitalini, kidogo kidogo, damu ikipimwa kila siku.