Ukienda kutazama mwenzako akifundisha, usikae benchi la nyuma

Wewe unayetaka kwenda Masasi Jumamosi kumtazama mwalimu wa tuisheni akifundisha Kiingereza, ukae nyuma, urekodi kwa simu na unakili mbinu zake zote, halafu unauliza utoze ada kiasi gani: acha kwanza! Benchi la nyuma ndilo lililonilia hela.

Aliyenipeleka huko alijiita mkufunzi wa walimu, na alinilipisha. "Andika kila anachosema, ukirudi fundisha vilevile." Basi nikaenda. Mwalimu moto kweli, ubao umejaa, akiuliza "Mmeelewa?" darasa zima linaitikia "Ndiyooo!" Nikajaza daftari. Nikarudi Chikongola, hapa Mtwara, nikawapa kidato cha kwanza somo lilelile kwa mifano ileile, watoto ambao shule ya msingi walisoma karibu kila kitu kwa Kiswahili. Nao wakaitikia "Ndiyooo!" Mtihani wa shule ulipofika wakaandika "I did went to Mikindani".

Wazazi walikuwa wamelipa hela ya korosho, na hiyo ikishatoka haionekani tena mpaka minada ya msimu unaofuata. Wakawatoa watoto mmoja mmoja, wengine wakaja kudai chao. Nikarudisha. Kodi ya chumba nikabaki nayo mwenyewe. Yule mkufunzi akanijibu kwamba watoto wa Kusini wana vichwa vizito! Hilo linaniuma kuliko hela. Mtoto wa Newala hana kichwa kizito, hakuna aliyekuwa anamtazama, basi.

Kaa mbele, pembeni, uone nyuso na madaftari. Mwalimu akiuliza, macho yako yawe kwa asiyenyoosha mkono. Nilikaa hivyo kwa mama mmoja wa Lindi. Aliuliza, "Where did you go yesterday?" akanyamaza. Kimya mpaka mimi nikataka kujibu. Binti wa dirishani akaandika "I did went", akakata, akaandika "I went", ndipo mkono ukapanda. Mwalimu angewahi kumtajia jibu, lile kosa lisingekatwa na mwenyewe.

Na si uchawi wa Lindi. Mary Budd Rowe, Mmarekani, alilipima jambo hili kwenye madarasa ya sayansi miaka ya 1970: walimu wengi walisubiri kama sekunde 1 tu baada ya swali, na waliposubiri 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na waliojitolea kujibu wakaongezeka. Kutoka nyuma ungeona mwalimu amekaa kimya, ukadhani kasahau somo.

Daftari lako ligawe kwa mstari katikati: kushoto alichofanya mwalimu, kulia alichofanya mtoto papo hapo. Kulia kukiwa kweupe, mbinu hiyo usiibebe, hata kama darasa limecheka na kupiga makofi. Kipindi kikiisha, muombe mwalimu uangalie madaftari matatu: la anayejibu sana, la anayejibu kwa nadra, na la yule ambaye hakufungua mdomo kabisa. Hilo la mwisho lisome mstari kwa mstari.