Nyumba ya marehemu baba Ngamiani, Tanga: nani aipangie bei?

Pole na msiba, dada. Nimekuelewa: kaka yenu anataka kubaki na nyumba na kuwalipa warithi wenzake sehemu zao, ila bei kaileta dalali rafiki yake. Msiikubali hiyo. Dalali anajua soko, lakini karatasi yake mahakamani haina uzito.

Kwanza, msimamizi wa mirathi awe ameshateuliwa na mahakama. Kisha yeye ndiye amwite mthamini, yaani mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Mwulizeni namba yake ya usajili, na gharama aziandike kabla hajaanza. Andaeni hati au leseni ya makazi, risiti za kodi ya jengo na mkataba wa mpangaji wa fremu (chumba cha duka) ya mbele. Ile fremu msiisahau, Ngamiani mara nyingi ndiyo inayobeba thamani!

Sisi kwenye mirathi ya mzee wetu tulikosea jambo moja: hatukusema tunataka thamani ya siku gani, ya siku aliyofariki au ya sasa. Alikuwa amefariki miaka sita nyuma, ikabidi turudie na kulipa upya. Siku ya ukaguzi warithi wote waitwe, hata aliyeko mbali.

Kaka akigoma, au hati ikiwa na jina la babu, mwoneni wakili kabla hamjasaini chochote.